Ujasiri Huanzia Mezani

Sisi akina mama tukisikia habari za mashujaa wa imani, fikira zetu huenda moja kwa moja kwa Danieli na simba wake. Kisha tunaitazama mikono yetu inayonuka vitunguu na kusema, "Hayo si yetu." Hebu tumwangalie mwanamke mmoja ambaye imani yake ilikulia palepale penye vitunguu.

Corrie ten Boom alizaliwa mwaka 1892 nchini Uholanzi, akakulia katika mji wa Haarlem. Baba yake alikuwa fundi saa, na mwaka 1922 Corrie naye akawa mwanamke wa kwanza nchini mwake kupata leseni ya kazi hiyo. Hakuolewa, lakini nyumba yao haikukosa watoto, kwani walilea na wasio wao. Kila asubuhi baba alisoma Biblia mbele ya familia na wafanyakazi wa dukani. Nafasi mezani ilipatikana daima, hata chakula kikiwa haba. Na Corrie alikuwa na kazi moja ambayo wengi wetu tungeikwepa: kuwafundisha Neno la Mungu watoto wenye ulemavu wa akili.

Mwezi Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Uholanzi, na Wayahudi wakaanza kusakwa. Mwaka 1942 mama mmoja Myahudi alibisha hodi kwa akina ten Boom. Alikaribishwa, kwa kuwa katika nyumba ile hodi haikuwahi kukosa karibu. Wengine wakafuata. Lakini chakula kilinunuliwa kwa kadi za mgao, na Wayahudi hawakupewa. Corrie atazipata wapi?

Alimkumbuka karani mmoja wa ofisi ya chakula, baba wa binti mlemavu aliyekuwa akimfundisha kwa miaka mingi. Akamwendea usiku. Alikusudia kuomba kadi tano. Alipofungua kinywa, akajikuta ametaja mia moja! Naye akazipata. Angalieni, akina mama: mlango ule wa hatari ulifunguliwa na vipindi vya watoto ambavyo hakuna aliyevipigia makofi.

Tusidhani hakuogopa. Alipokuwa mtoto alilia kwa hofu kwamba baba yake atakufa. Baba akamuuliza: tukisafiri kwenda Amsterdam, tiketi yako nakupa lini? Mtoto akajibu kuwa ni pale wanapokaribia kupanda treni. Basi, baba akamweleza, nguvu kutoka kwa Mungu nazo huja wakati huohuo, si kabla.

Tiketi ile ilihitajika. Tarehe 28 Februari 1944 nyumba yao ilivamiwa. Watu sita waliojificha nyuma ya ukuta wa chumba cha Corrie hawakuonekana, nao baadaye walitolewa salama. Lakini baba, mzee wa miaka 84, alifia kifungoni baada ya siku kumi. Dada yake, Betsie, alifia katika kambi ya Ravensbrück mwezi Desemba mwaka huohuo. Corrie aliachiliwa, akazunguka nchi nyingi akihubiri msamaha hadi alipofariki mwaka 1983.

Na sisi? Hatusakwi na askari. Ila usiku tunasikia mke wa jirani akipigwa, nasi tunaongeza sauti ya redio. Asubuhi tunakutana naye bombani, amejifunga kitenge hadi usoni, tunamsalimu haraka kisha tunaondoka. Tunaogopa mume wake, tunaogopa maneno ya mtaani, na wengine tunaogopa waume zetu watasema tunaingilia ya watu.

Pengine hatujui la kumwambia. Lakini uji tunajua kupika. Kesho tukichukua kikombe kimoja zaidi, tukabisha hodi mume akiwa ameshakwenda kazini, tukaketi naye mkekani bila kumhoji, atajua kuna mlango mmoja anaoweza kuukimbilia usiku. Siku atakapoubisha, tutahitaji tiketi yetu.