Harimu ya Kisima: Mji na Ardhi Iliyo Nje Yake

Mtoto wa ami yangu alinijia Mombasa na karatasi mkononi. Alikuwa ameonyeshwa kiwanja ukingoni mwa vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, naye ataka nimchangie fedha akinunue, ajenge nyumba ya wageni.

"Kule si mjini, kaka," aliniambia. "Mji una mpaka wake. Mambo ya mchangani wao yawahusu nini?"

Sikumjibu siku ile. Swali lake halikuwa la kipuuzi. Ni kwa haki gani mji huamua habari ya ardhi iliyo nje ya mpaka wake?

Jibu la kwanza nililipata katika niliyosomeshwa chuoni. Mwalimu wetu alipofika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, alitufunza harimu ya kisima. Mtu akichimba kisima katika ardhi isiyo na mwenyewe, hamiliki shimo tu. Ana haki pia ya eneo la kandokando yake, ambamo mwingine hana ruhusa ya kufanya la kuyadhuru maji yale. Kijiji nacho kina harimu yake: uwanja wa watu kukutania, mahali pa kupumzishia wanyama, na jaa la taka. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika vipimo, lakini maana ni moja: huwezi kukihifadhi kitu ukaacha kinachokizunguka kiharibiwe.

Sasa natuitazame Lamu. Mji wa kale, ambao haupiti hekta 16, ulitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikautia katika orodha ya turathi za ulimwengu. Mwenye nyumba mle akitaka kuvunja ukuta wa mawe au kuongeza ghorofa, haanzi na fundi. Kuna afisi ya hifadhi iliyofanya kazi tangu 1986, na tume ya mipango iliyoundwa mwaka 1991 ili kusimamia. Juu ya hayo, sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yasema mtu asijenge wala kubadilisha matumizi ya ardhi bila ya idhini ya serikali ya kaunti. Aliyenyimwa idhini, au jirani aliyeudhika kwa kuwa mwenziwe amepewa, ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati maalumu ya kaunti. Asiporidhika, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Lakini hifadhi haikukomea penye nyumba za mwisho. Mji umewekewa eneo la kinga, na ndani yake imo mikoko ya Manda na Ras Kitau, na vilima vya mchanga vya Shela. Mikoko yalindwa kwa sheria ya misitu, vilima kwa sheria ya maji. Mvua inaponyesha Shela, maji huzama mchangani yakatulia juu ya maji ya chumvi, na hayo ndiyo yanywewayo mjini. Jenga pale, chimba shimo la choo, vuta maji kupita kiasi: uchafu utashuka, chumvi itapanda. Basi vilima vile ni nini kama si harimu ya kisima cha Lamu?

Hata hivyo, msomaji wangu, haki hii ina upande wa pili. Kwasasi iko bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 2016 kilitolewa kibali cha kujenga huko mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Watu wa Lamu walikataa. Walihofia bahari yao, samaki wao, pumzi zao na kuta za mji wao. Mnamo Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira lilikifuta kibali kile, na moja katika sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtambo ungekuwa mbali na mji, lakini madhara hayasomi ramani.

Kwa hiyo mizani ni ile ile kote. Anayefikiwa na madhara lazima aulizwe, ingawa yuko nje ya mpaka. Na mji unapomzuia mtu wa Shela kuitumia ardhi yake, naye ana haki ya kuulizwa kabla, si kukuta kibao tu kimesimamishwa.

Mtoto wa ami aliporudi nilimweleza haya yote. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na wale waliokwisha kujenga kule, kaka?" Hapo nilikosa la kusema. Ni kweli, sheria inayomkamata mnyonge na kumwacha mwenye nguvu hailindi kisima, yalinda wakubwa. Hata hivyo fedha sikumpa.

Ninalowaomba wenzangu ni dogo. Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi likitokea, lisomeni, na mwenye la kusema aliandike. Siku 14 hupita upesi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: mji nao, ujengwe upendavyo, mwishowe warudi kisimani.