Kiatu Kikichoka, Fundi Hajachoka

Sisi watu wa pwani tukisikia Kericho na Bomet, tunalolikumbuka kwanza ni chai. Tunasahau kwamba chai hiyo huchumwa kwa miguu pia, si kwa mikono peke yake.

Nchi ile iko juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua hunyesha takriban mwaka mzima. Mchumaji huingia shambani asubuhi, umande ungali majanini, amevaa gambuti. Likitoboka, mguu hushinda majini. Hapo ndipo thamani ya fundi wa kando ya soko inapojulikana: hukata kipande cha tyubu kuukuu, akakikwaruza, akakipaka gundi, akakibandika. Gambuti likarudi kazini.

Nimeketi na mafundi wa huko nikawatazama wateja wao. Aletaye gambuti haoni haya. Huliweka wazi, akauliza bei, wakapatana. Lakini kiatu cha ofisini huletwa ndani ya mfuko, mwenyewe akiangalia huku na huku. Kumbe kiraka cha kiatu cha kazi ni busara, na cha kiatu cha heshima ni aibu! Basi wengine huona afadhali wanunue kipya cha bei nafuu. Miezi miwili mitatu, soli imebanduka, nacho kimetupwa. Hata akala, zinazokatwa katika mipira ya magari na zisizoisha upesi, vijana wengine huzikimbia wakiziona ni vazi la ufukara. Na huku pwani mtalii huzinunua zikiwa na shanga, akajivunia.

Tusiwacheke ndugu zetu wa bara. Kandambili zetu zikikatika tunazitupa, na bahari huturudishia ufukweni. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa. Mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ni kandambili ngapi katika hizo zilihitaji gidamu mpya tu?

Nasi hatuna udhuru. Tumesomeshwa tangu chuoni kwamba Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani mwake, alitaja kwamba akishona viatu vyake mwenyewe. Ikiwa yeye hakuona aibu, ni mguu wa nani kati yetu uliokuwa mtukufu kuliko wake?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikukuu ikikaribia, msomaji wangu, kabla hujaelekea dukani inama kwanza utazame uvunguni mwa kitanda. Huenda viatu vya Idi viko pale, vyangoja msharasi na uzi tu.