Kadi ya sauti: mbele ya kununua, hesabu mikro



Mwaka uliopita tulichanga pesa ili turekodi wazee wetu wenye kucheza kisanji. Kununua kadi ya sauti (wauzaji wanaiita tu carte son) kuliangukia mimi. Juu ya kartoni niliona namba 4, nikafurahi: mikro ine! Kufika nyumbani, matundu mawili tu ndiyo ya mikro, ingine mawili ni ya kinanda. Kosa ni langu, sikuuliza. Ndiyo maana naandika.

Ordinateri haijui sauti, inajua namba. Kadi inapokea umeme mdogo sana wa mikro, inaukuza, inaugeuza kuwa namba na kuzituma kwa USB. Tundu la mikro, lile la XLR lenye meno matatu, liko na kikuzaji cha nguvu. La kinanda halina nguvu hiyo. Basi usihesabu matundu yote, hesabu ya mikro. Focusrite Scarlett Solo iko na moja, Scarlett 2i2 iko na mawili. Mtu mwenye kuimba na kucheza pamoja anaomba mawili: moja la mdomo, moja la chombo.

Pili, angalia mikro uliyo nayo. Ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kadi. Tafuta kibonyezo cha 48V. Ya dinamiki, kama Shure SM58, haihitaji.

Tatu, kurant. Chagua kadi yenye kukula umeme wa USB tu. Kurant ikienda, batri ya laptop inaendelea na kazi. Ile ya kuchomeka ku ukuta itazimika katikati ya wimbo, na mzee hapana mtu wa kuambia "rudilia" mara tano.

Ine, kuchelewa. Ordinateri inakusanya namba kwa mafungu. Fungu la sampuli 256, kwa kHz 48, ni milisekunde 5 na kidogo. La 1024 ni 21. Tena sauti inaenda na kurudi, kwa hiyo mwimbaji anajisikia nyuma yake mwenyewe. Dawa ni kadi yenye kibonyezo cha kujisikiliza moja kwa moja, bila kupita mu ordinateri. Kwa Windows, hakikisha mtengenezaji anatoa drayva ya ASIO. Kwa Mac haiombwe.

Usilipe zaidi juu ya kHz 192. Biti 24 na kHz 48 zinatosha kabisa.

Sisi tulirekodi wazee wawili wawili, kila mmoja na mikro moja. Mmoja wao ametuacha tangu pale. Sauti yake tuko nayo, ila imeshikana na kisanji, na hakuna programu tuliyojaribu iliyoitenga vizuri.

Kwa hiyo: kwanza watu na vyombo, kisha kadi, mwisho pesa.