Mbalsa na Hesabu ya Kukua Upesi

Msomaji mmoja ametuletea barua akitaka kujua imekuwaje mbalsa, mti wa misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini ambao ubao wake mwepesi hutiwa ndani ya mapangaboi ya mitambo ya umeme wa upepo, ufikie kimo cha mita 20 kabla haujatimiza miaka 10, ilhali mvule alioupanda babu yake haujafaa hata leo kupasuliwa mbao. Swali hili ni la haki, na jibu lake ni katika mambo yanayonifurahisha mno katika elimu ya miti.

Habari za jua, mvua na udongo nitazipita, maana hakuna mti usiozihitaji. Itoshe kusema kwamba mbalsa ni jamaa ya mbuyu na msufi, na kwamba mbegu zake, zilizovikwa sufi vilevile, hulala ardhini hata mti mkubwa uanguke na jua liupashe udongo moto, ndipo zikaamka. Ajabu yenyewe imo ndani ya gogo.

Kila ubao umefanyika kwa seli, ambazo mimi hupendelea kuziita vijumba, kwa kuwa jina hilo laonyesha kuta na nafasi iliyozingirwa na kuta. Na kuta hizo, ziwe za mpingo au za mbalsa, ni za maada moja, ambayo mita moja ya ujazo, ikishindiliwa pasisalie tundu, huwa na uzani wa kilo 1,500 hivi. Basi na tupige hesabu. Mita ya ujazo ya mpingo mkavu hukaribia kilo 1,200, yaani kuta zimeshika sehemu 8 katika kila 10. Ya mbalsa aghalabu ni kilo 150, yaani kuta ni sehemu 1 tu, na 9 zilizobaki ni hewa, au maji mti ungali hai.

Mfikirie mwashi aliyepewa shehena moja ya mawe na chokaa. Akipenda, atajenga ghala ya vyumba vidogo yenye kuta nene, nayo itadumu vizazi, lakini shehena itamwishia ukuta haujafika kimo cha mtu. Akipenda, atazifanya kuta nyembamba na vyumba vipana, na kwa mawe yaleyale atapandisha orofa juu ya orofa hata aione bahari. Mbalsa ni mwashi huyo wa pili. Wala haupotezi uimara kama mtu awezavyo kudhani, kwani nguvu ya nguzo kukataa kupinda hutegemea upana wake kupita kiasi tunachokisia: itwae maada ileile, uitandaze katika gogo lenye kipenyo mara 2, na ijapokuwa ubao wake utakuwa na robo tu ya uzani na robo ya ugumu, gogo zima litakataa kupinda mara 4 kuliko lile jembamba. Wepesi wenyewe ndio unaousimamisha mti.

Na maji yale yaliyomo vijumbani yana faida zake. Thor Heyerdahl, alipounda chelezo chake Kon-Tiki mwaka 1947, alichagua magogo 9 ya mbalsa mabichi, na utomvu wake ukazuia maji ya chumvi yasiingie upesi, hata chelezo kikaelea siku 101 kutoka Callao, Peru, mpaka mwamba wa Raroia katika Polynesia.

Kuta nyembamba, bila shaka, haziwazuii kuvu na wadudu, na mti huu ni nadra kuishi kupita miaka 40. Lakini wakulima wa Ecuador, nchi inayouza ubao huu kuliko zote, hawaungoji uzeeke: huukata ukiwa na miaka 5 hadi 8, kwa kuwa kadiri umri unavyozidi mwashi wetu huanza kuzinenepesha kuta za vyumba vya nje, na ule ubao mwepesi anaoutafuta mnunuzi husalia katikati ya gogo tu.