Johor Bahru, mji unaofurika Desemba ikiingia

Tarehe 1 Januari ikiangukia siku ya kazi, karani wa benki wa Johor Bahru huamka kama kawaida na kwenda ofisini, huku jirani zake wa Singapore wakiwa bado wamelala baada ya fataki za mkesha. Johor ni mojawapo ya majimbo 5 ya Malaysia ambayo Mwaka Mpya si siku ya mapumziko. Lakini kwa majuma kadhaa kabla ya tarehe hiyo, mji huu huwa umekwisha kupokea wageni wa sikukuu hadi magari yamekosa pa kuegeshwa.

Wageni hao hawatoki mbali. Shule za Singapore hufunga mwishoni mwa Novemba na kubaki zimefungwa hadi Desemba iishe, na mzazi anayetafuta pa kuwapeleka watoto bila kupanda ndege huutazama mji ulio ng'ambo ya pili ya maji. Desemba ya 2024, siku chache kabla ya Krismasi, watu zaidi ya 500,000 walivuka mipaka ya nchi kavu ya Singapore kwa siku moja. Nchi nzima ya Singapore ina wakazi milioni 6.

Maji yanayozitenganisha nchi hizi ni Mlangobahari wa Johor, mwembamba kiasi kwamba aliyesimama ufukweni Johor Bahru huyaona wazi maghorofa ya Woodlands, upande wa Singapore. Juu yake limelazwa tuta la mawe lenye urefu wa kilomita 1 na ushei. Ujenzi ulianza 1919, treni za mizigo zikapita 1923, na mwezi Juni 1924 likafunguliwa rasmi. Tarehe 31 Januari 1942 majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakikimbilia Singapore yalililipua nyuma yao ili kuwazuia Wajapani. Majuma mawili baadaye Singapore ikasalimu amri hata hivyo.

Tuta hilo linabeba barabara, reli na mabomba ya maji. Kwa mkataba wa 1962, Singapore inaruhusiwa kuchota galoni milioni 250 kila siku kutoka Mto Johor, hadi mwaka 2061. Kwa hiyo familia inayokaa kwenye foleni ya magari juu ya tuta, watoto wakiuliza watafika lini, imepakana na mabomba yanayopeleka maji ya Johor kwenye mifereji ya kwao.

Miji hii miwili iliwahi kuwa ndani ya nchi moja. Singapore ilijitenga na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, na ukaguzi wa pasipoti kwenye tuta ukaanza 1967. Hata baada ya hapo sarafu zao ziliendelea kubadilishana moja kwa moja, dola moja kwa dola moja, mpaka utaratibu huo ulipovunjwa Mei 1973. Leo dola moja ya Singapore hununua zaidi ya ringiti 3 za Malaysia, na hapo ndipo chanzo kikubwa cha msongamano wa Desemba.

Mgeni wa Singapore akishavuka huwa na orodha mkononi. Ataosha gari, atanyoa nywele, atamwona daktari wa meno, atajaza kikapu dukani, na jioni ataketi na jamaa zake mbele ya kaa na kamba. Wenye watoto wadogo huenda Legoland, iliyofunguliwa 2012 upande wa magharibi wa mji. Wanaotaka maduka peke yake huishia City Square, hatua chache kutoka kituo cha uhamiaji, au Mid Valley Southkey, iliyofunguliwa 2019. Petroli nayo imewekewa sheria pande zote mbili: Singapore inataka gari lake liondoke na tangi lililojaa angalau robo tatu, na Malaysia hairuhusu gari la kigeni kujazwa petroli ya bei ya ruzuku.

Safari yenyewe si ya kukurupuka. Abiria wa basi hushuka Woodlands, hukaguliwa, hupanda basi tena, huvuka tuta, kisha hushuka mara ya pili kwenye jengo la uhamiaji la Sultan Iskandar. Siku tulivu shughuli hiyo huisha upesi. Jioni ya Ijumaa inayotangulia Krismasi, mwenye gari anaweza kukaa kwenye foleni kwa saa 3. Ipo pia treni iitwayo Shuttle Tebrau, inayovuka kwa dakika 5 hivi, lakini tiketi zake za siku za sikukuu huisha mapema mno.

Anayeutazama mpaka huu mchana wa likizo huona nusu tu ya habari. Nusu ya pili hutokea alfajiri. Saa kumi usiku, kabla adhana haijasikika, mito ya pikipiki huteremka kutoka vitongoji vya Johor Bahru kuelekea Singapore. Ni Wamalaysia wanaokwenda kuendesha mabasi, kufunga vifaa viwandani, kuhudumia wagonjwa na kusafisha ofisi. Watu takriban 300,000 huvuka kila siku katika majira ya kawaida, na wengi wao ni wafanyakazi hawa. Wanalipwa kwa dola, wanapanga na kula kwa ringiti. Gharama yake ni usingizi: wapo wanaoondoka watoto wamelala na kurejea wamekwisha kulala tena.

Jambo hili linauathiri mji kwa undani. Mpishi mzuri wa Johor Bahru akiweza kupata mshahara mara tatu kwa kuvuka maji, mwenye mgahawa wa hapa hana cha kumzuia. Desemba, wateja wa Singapore wanapokuja kwa maelfu, mikono ya kuwahudumia huwa pungufu kwa sababu mikono mingine iko kwao. Mkazi anayelipwa kwa ringiti pia hujikuta akishindania meza na vyumba na mtu mwenye fedha yenye nguvu mara tatu. Biashara huipenda Desemba; mkazi asiye na duka huivumilia.

Ugonjwa wa Uviko-19 ulionyesha pande hizi zinavyotegemeana. Mpaka ulifungwa Machi 2020, na wafanyakazi wengi wakalazimika kuchagua upande mmoja wa kuishi. Wako waliokaa karibu miaka 2 bila kuwagusa wazazi, wake au waume zao, nyumbani kukiwa ni mwendo wa nusu saa. Mtaa wa Jalan Wong Ah Fook, uliozoea kelele za wanunuzi, ulijaa milango iliyoshushwa. Usiku wa kuamkia 1 Aprili 2022 tuta lilipofunguliwa kwa wote, watu walivuka kwa pikipiki na kwa miguu huku wakishangilia.

Mgeni anayeishia madukani hukosa mji wenyewe, nao upo karibu sana. Johor Bahru ilianzishwa 1855 na Temenggong Daeng Ibrahim, kwa jina la Tanjung Puteri, na mwanawe Abu Bakar, aliyekuja kuwa Sultan, akaipa jina la sasa. Utajiri wake wa mwanzo ulitokana na pilipili manga na gambir, mmea uliotumika kutengeneza ngozi, vilivyolimwa na Wachina waliofyeka msitu kandokando ya mito. Mmoja wa matajiri wa kilimo hicho, Tan Hiok Nee, ndiye aliyeachia jina mtaa ulio moyo wa mji mkongwe. Wong Ah Fook, aliyefika kama seremala na kuwa mkandarasi mkubwa, ndiye aliyejenga kasri la Istana Besar.

Kwenye mtaa wa Tan Hiok Nee majumba ya ghorofa mbili, chini duka na juu makazi, yamekarabatiwa na kuwa mikahawa na karakana za wasanii. Mtaani humo lipo duka la mikate la Hiap Joo, linalooka tangu 1919 kwa tanuri la kuni. Keki yake ya ndizi hupangiwa foleni asubuhi, na Desemba foleni hiyo hutoka nje hadi barabarani. Mitaa michache kutoka hapo, duka la Salahuddin linaoka tangu 1937. Kila duka linalodumu namna hii, kizazi kimoja kikikirithisha kingine ufundi, ni hazina ya mji kuliko jengo lolote jipya la vioo.

Dini pia zimebanana kwa ujirani mwema. Msikiti wa Jimbo wa Sultan Abu Bakar, uliojengwa kati ya 1892 na 1900 juu ya kilima kinachotazama maji, una minara inayofanana na minara ya saa ya Uingereza. Hekalu la kale la Wachina lina miungu 5, kila mmoja akitunzwa na jamii moja kati ya tano zilizohamia hapa: Wateochew, Wahokkien, Wahakka, Wakantoni na Wahainan. Hekalu la Wahindu la Sri Rajakaliamman limefunikwa ndani na nje kwa vipande vya vioo vinavyokadiriwa kufikia 300,000. Desemba, kila jamii huwa na lake. Karibu na tarehe 21 au 22 Wachina huketi kifamilia kula vidonge vya unga wa mchele katika sherehe ya kipupwe. Siku tatu nne baadaye ni Krismasi, ambayo ni mapumziko Malaysia nzima, na waumini hujaza kanisa la Kikatoliki katika Jalan Gereja, mtaa uliopewa jina kwa ajili ya kanisa.

Kwa mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki, chakula cha Johor Bahru hakihitaji mkalimani. Nasi lemak ni wali uliopikwa kwa tui la nazi, ukawekewa dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili iliyosagwa na kukaangwa hadi ikawa tamu na kali kwa pamoja. Roti canai ni chapati ya tabaka inayochovywa kwenye mchuzi wa dengu. Kacang pool, maharagwe mazito yanayoliwa kwa mkate mnene na yai, ni mlo wenye asili ya Uarabuni. Laksa ya Johor hupikwa kwa spageti badala ya tambi za mchele, na husimuliwa kwamba chanzo ni Sultan Abu Bakar kuipenda spageti alipozuru Ulaya. Sokoni kuna shokishoki na doriani, matunda ambayo Mzanzibari ameyala tangu utoto. Chai ya teh tarik humiminwa kutoka kikombe hadi kikombe kwa kimo kirefu mpaka itoe povu.

Kuna jambo moja la kujiandaa nalo, nalo ni mvua. Johor Bahru iko digrii 1.5 kaskazini mwa ikweta, haina majira ya baridi, lakini Desemba ni msimu wa pepo za kaskazini-mashariki, zenye udugu na kaskazi ya pwani yetu. Kaskazi ya Mombasa na Unguja huja na jua kali. Pepo za Johor hupita kwanza juu ya Bahari ya Kusini ya China, zikafika zimebeba maji. Katika mafuriko ya Desemba 2006 na Januari 2007, watu zaidi ya 100,000 walihamishwa makwao jimboni humo, na mji wa Kota Tinggi ulizama. Asubuhi ikianza na jua, alasiri huweza kugeuka gharika ya saa moja, kisha mbingu zikatulia.

Foleni za tuta zinatarajiwa kupungua. Reli mpya ya kilomita 4, kutoka Bukit Chagar hadi Woodlands North, imepangwa kuanza kazi kufikia Januari 2027. Itabeba hadi abiria 10,000 kwa saa kila upande, safari itakuwa ya dakika 5, na msafiri atakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja kabla ya kupanda. Mfanyakazi wa alfajiri ndiye anayestahili kunufaika nayo kwanza, na nauli yake isiwe ya kumfukuza na kumrudisha kwenye pikipiki.

Anayepanga safari ya Desemba kutoka Afrika Mashariki na azingatie mambo haya. Malaysia humtaka mgeni ajaze fomu ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kuingia, na Singapore ina ya kwake, hata kwa anayerudi baada ya matembezi ya siku moja. Masharti ya viza yathibitishwe ubalozini kabla ya kukata tiketi. Avuke asubuhi katikati ya wiki, aikwepe Ijumaa jioni kwa kwenda na Jumapili jioni kwa kurudi Singapore. Na akishafika asigeuze siku hiyo hiyo: alale angalau usiku mmoja, na fedha yake aitumie katika maduka madogo ya mji mkongwe, ambayo yaliteseka sana wakati mpaka ulipofungwa.