'Kila saa nane': Sarufi inapoingia katika pakiti ya dawa

LIKIZO ya Desemba nilikuwa nyumbani Lugulu, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, pamoja na mjukuu wangu anayesomea ufamasia katika chuo kikuu. Alikuwa amemaliza somo la utangulizi wa mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Alinitupia daftari mapajani akasema: "Babu, si wewe ndiwe profesa wa Kiswahili? Hebu nitafsirie haya, nimweleze kukhu."

Kukhu huyo ni dada yangu mkubwa. Alikuwa ameugua kifua, akaandikiwa amoksilini, na muuza dawa akamwagiza ameze tembe moja "kila saa nane" kwa siku saba. Dada yangu ni mtu wa kufuata maagizo. Kila siku ilipofika saa nane mchana, alimeza tembe moja. Siku ya tano hali ikawa mbaya, akalazwa.

Muuza dawa alikuwa na maana yake na dada yangu alikuwa na yake, na zote mbili zimo katika maneno yale yale. "Kila saa nane" yaweza kuwa kila baada ya muda wa saa nane. Yaweza pia kuwa kila ifikapo saa nane. Aliyesoma kozi yake kwa Kiingereza husikia maana ya kwanza tu, kwa sababu lugha hiyo ina neno moja la muda na jingine la wakati unaosomwa kwenye saa. Sisi tunatumia "saa" kwa yote mawili.

Hapa sina budi kukiri jambo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikikata kwa kalamu nyekundu neno "masaa" katika insha za wanafunzi. Sarufi sanifu inasema saa moja, saa mbili, basi. Lakini sokoni watu wanasema "nimengoja masaa mawili" wakimaanisha muda, na "nitakuja saa mbili" wakimaanisha wakati. Wametenganisha kile ambacho sisi wasomi tumekichanganya! Laiti dada yangu angeambiwa "kila baada ya masaa nane", pengine angeuliza swali moja au mawili kabla ya kuondoka dukani. Sisemi tulihalalishe neno hilo leo. Nasema kalamu yangu sasa inasitasita.

Na kwa nini muda huo ni muhimu hivyo? Daftari la mjukuu wangu lilikuwa na jibu. Amoksilini, kama jamaa zake wa ukoo wa penisilini, huwazuia bakteria kujenga ukuta wa seli. Bakteria anayekua bila ukuta imara hupasuka. Seli za mwanadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa inamwangamiza mgeni na kumwacha mwenye nyumba. Lakini dawa hii haikai sana: nusu yake hutoweka katika damu kwa muda wa saa moja hivi. Mgonjwa akimeza tembe moja kwa siku, kuna saa nyingi ambazo bakteria wako peke yao. Katika maabara, wakiwa na chakula na joto la kutosha, baadhi yao hugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20. Piga hesabu: kwa saa nane ni vizazi 24, na bakteria mmoja amekuwa zaidi ya milioni 16. Mwilini mambo huenda polepole zaidi, ila picha ni hiyo.

Tulipofika kwenye istilahi, ndipo tulipocheka. Wengi wetu huwaita bakteria "viini vya magonjwa". Sawa. Lakini ukurasa wa tatu wa daftari ulieleza tofauti kuu kati ya seli ya bakteria na seli ya mwanadamu: seli yetu ina kiini, ya bakteria haina. Kwa hiyo mwalimu atasimama mbele ya darasa na kutangaza kwamba viini havina kiini. "Vijidudu" nalo linamfanya mtu atafute kitu chenye miguu. "Vijasumu" limezoeleka magazetini, na kutokana nalo tumepata "viuavijasumu". Ni neno zuri, ila linadokeza kwamba kila bakteria ni sumu, wakati maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu pale jikoni ni kazi ya bakteria hao hao. Mimi nimechagua "bakteria", na nampa upatanisho wa A-WA, kwa kuwa yu hai.

Virusi ni kisa kingine. Hana seli wala ukuta wa kuvunjwa, hivyo amoksilini haimfanyi lolote, hata ukimeza pakiti nzima kwa sababu ya mafua.

Neno lililonisumbua zaidi ni "usugu". Waulize watu kumi pale kituoni, wengi watakuambia "mwili umezoea dawa". Kiima cha sentensi hiyo si sahihi. Anayekuwa sugu ni bakteria. Dawa ikiwa haba, walio dhaifu hufa, wenye uwezo wa kustahimili hubaki na kuzaana, na wanaweza kuhamia kwa mtu ambaye hajawahi kumeza tembe hata moja. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu dozi hafifu alipohutubu baada ya kutuzwa Nobel mwaka 1945. Anayeamini kwamba ni mwili wake ndio uliozoea hana sababu ya kumwonea jirani huruma.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kipengele cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike nayo. Sijui ni maelezo gani yanayohitajika kuliko ya dawa. Hata hivyo, mjukuu wangu atahitimu akijua kuieleza kazi ya amoksilini kwa mtahini tu.

Dada aliporudi kutoka hospitalini na dawa nyingine, nayo ya kila baada ya saa nane, kijana alichukua kalamu akaandika kwenye pakiti kwa herufi kubwa: SAA 12 ASUBUHI, SAA 8 MCHANA, SAA 4 USIKU. SIKU SABA.

Dada aliisoma, akaivuta miwani hadi puani. "Na hiyo saa nne usiku nikiwa nimeshalala?"

"Nitakupigia simu, kukhu."

Alimpigia usiku saba mfululizo.