Uvira–Goma: Moteri ya farasi ngapi inamfaa mvuvi mwenye mtumbwi mdogo?

Kuanzia Uvira na Baraka kwenye Ziwa Tanganyika hadi Bukavu na Goma kwenye Ziwa Kivu, mvuvi aliyeweka pesa kidogo kando huwaza kitu kimoja: kuachana na kasia, anunue moteri. Swali linalofuata ni gumu zaidi. Farasi 8, 15, 25 ao 40? Wengi wanachukua ile kubwa wanayoweza kulipa, na hapo ndipo esansi inapoanza kula ndakala kabla hawajafika sokoni.

Hesabu inaanzia kwenye uzito. Kwa mtumbwi wa kazi, farasi 5 hivi kwa kila tani zinatosha. Mtumbwi wa mbao wa metre 7, pamoja na watu wanne, nyavu, taa na samaki, ukifikia tani moja na nusu, unaomba farasi 7 ao 8. Zaidi ya hapo maji yenyewe yanakataa. Mtumbwi wa urefu huo ukiwa umebeba, ukikaribia kilometre 12 kwa saa, unaanza kupanda wimbi lake wenyewe, na nguvu inayoongezwa inaishia kuinua pua na kurusha povu.

Povu hilo linalipiwa. Zile moteri za kuchanganya esansi na mafuta, ya farasi 15 ikifunguliwa yote inakunywa litre 6 hadi 8 kwa saa. Ya farasi 40 inafika 16 hadi 20. Mwenye 40 atajibu kwamba yeye hafungui yote. Ni kweli, lakini moteri ya aina hiyo ikitembezwa polepole usiku kucha inachafua buji, na ina kilo zaidi ya 70 zinazoning'inia kwenye ubao wa nyuma, wakati ya 15 ina kama 40. Ubao mwembamba hupasuka, ao maji yanaingia kwa nyuma siku ya mawimbi.

Kuna jambo ambalo muuzaji hasemi mara nyingi: urefu wa mahali juu ya bahari. Hewa ikipungua, moteri inapoteza karibu asilimia 1 kwa kila metre 100. Ziwa Tanganyika liko kwenye metre 773 hivi, Kivu kwenye 1.460. Farasi 15 zilizoandikwa kwenye kifuniko zinabaki karibu 14 Uvira, na 13 tu Goma. Ndiyo maana fundi mzuri wa Kivu hubadilisha kwanza helisi, anaweka isiyo nzito kuzungusha, kabla ya kushauri moteri kubwa.

Ndogo mno nayo ni hatari. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa, upepo wa kusini unapovuma Tanganyika, farasi 5 hazitoshi kumrudisha mtu nchi kavu na mzigo wake. Kwa mtumbwi wa metre 7, farasi 15 zinaacha akiba ya dhoruba bila kumaliza mfuko. Arobaini ziachiwe boti kubwa za abiria na mizigo.

Na anayenunua kwa deni ahesabu pia usiku wa mwezi mkubwa, pale taa hazivuti samaki na mitumbwi inalala ufukweni. Deni halilali.